Shinkolobwe: tunasoma bomu, tunasahau bukari

Wandugu, nimemaliza kusoma Spies in the Congo cha Susan Williams, kilichotoka 2016. Kinaeleza vile Wamarekani walihangaika juu uraniamu ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, isifike kwa Wajerumani wa Hitler, na vile iliingia mu bomu la Hiroshima 1945. Ni kitabu kizuri kabisa. Ila miye niliyesoma kilimo sikushiba: madini yaliyosafiri nimeyajua, na yale yaliyobaki mu bulongo yanaenda wapi?

Simlaumu mwandishi, yeye alifuata majasusi. Ninatulaumu sisi wasomaji. Mmoja anasema kila mboga ya kule ni sumu. Mwingine anasema mgodi ulifungwa 2004, basi mambo yameisha. Wote wawili hawajauliza mzizi.

Mzizi unachukua hata kile kinachofanana tu na chakula chake. Uraniamu yenyewe inabaki sana mu mizizi, kidogo tu inapanda juu. Lakini uraniamu inazaa radiamu, na radiamu inafanana na kalisiamu: inapita mlango uleule, inapanda na maji mpaka kwa majani. Tena inachukua miaka kama 1600 nusu yake tu iishe. Ndiyo maana punje ya muhindi kwa kawaida inabeba kidogo kuliko jani la lengalenga. Labo ikipima unga wa bukari peke yake, ikasema hakuna shida, haijapima sahani nzima. Sombe iko wapi? Muhogo wenye ganda na uliomenywa, je? Na vumbi la mgodi juu ya matembele?

Wengine wananiambia: tufanye sawa Chernobyl. Kweli, baada ya 1986 mashamba ya kule yaliwekwa chokaa na mbolea ya potasiamu, juu mizizi ishibe kalisiamu na potasiamu, ichukue kidogo stronti na sezi. Lakini shida yetu si sezi. Chokaa kwa radiamu, mu bulongo yetu, lazima tuijaribu kwanza, si kunakili tu.

Basi wewe unayetafuta kichwa cha TFC ao memwari: bomu limeandikwa vya kutosha. Chukua bulongo, jani na muhogo wa kilanga kimoja, upime vyote. Mama anayelima kule anataka kujua leo apike nini. Nani yuko tayari?