Ng'ambo ya Mto na Ng'ambo ya Bahari: Uhakiki wa Maandishi ya Wageni Kuhusu Mto Tana

UTANGULIZI

Neno ng'ambo lina maana mbili ambazo wasomi wa Kiswahili huzipitia kwa haraka. Kwa kijana aliyehitimu chuo kikuu na kupata kazi katika nchi ya mbali, ng'ambo ni upande wa pili wa bahari. Kwa mkulima wa Kipokomo anayepanda mtumbwi alfajiri kwenda kulima mpunga au kuangalia migomba yake, ng'ambo ni ukingo wa pili wa Mto Tana, nao anauona kwa macho kabla hajaondoka. Wa kwanza huenda ng'ambo kwa miaka; wa pili huenda na kurudi jua halijazama.

Makala hii inakusudia kuzitumia maana hizo mbili katika kuyahakiki maandishi ya wageni waliofika Tana kwa ajili ya kazi: wapelelezi wa njia, wamisionari, wakusanyaji wa hadithi, wataalamu wa maendeleo na watafiti wa vyuo vikuu. Wengi wao walifika wakiwa na elimu rasmi ya kwao, na wote iliwabidi wayazoee maisha mapya. Hoja ya makala ni kwamba maandishi hayo kwa kawaida hupimwa kwa kipimo kisichotosha. Msomaji huuliza kama mwandishi aliyazoea mazingira. Swali lililo zito zaidi ni kama wenyeji walimzoea yeye, na kama jambo hilo linaonekana katika maandishi yake.

Sarufi ya Kiswahili inatusaidia hapa. Kuzoea ni tendo la mtu mmoja: mgeni huzoea joto, mbu, chakula na mafuriko. Kuzoewa ni jambo analotendewa, wala hawezi kulitimiza kwa juhudi zake peke yake. Kuzoeana ni kazi ya pande mbili. Sehemu kubwa ya maandishi ya safari imejengwa juu ya kitenzi cha kwanza, na katika kitenzi hicho mwenyeji hana sauti. Yeye ni mojawapo ya mambo yanayozoewa, sawasawa na joto na mbu.

MTO KAMA NJIA

Mwaka 1878 ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, wakifuatana na daktari kijana Gustav Fischer, waliupanda Mto Tana. Maandishi yaliyozaliwa na safari za namna hiyo yalikuwa ya kijiografia. Mto unaelezwa kwa vina na mapana yake, vijiji vinatajwa kwa umbali wa kimoja hadi kingine, na watu wanaingia katika sentensi pale wanapouza chakula, wanapopiga makasia au wanapozuia njia. Katika maudhui ya namna hiyo mto ni njia ya kupitia, na asiyekaa mahali hana haja ya kuzoewa na yeyote.

Mhakiki asiridhike kusema kwamba maandishi hayo ni makavu. Ukavu wake una historia. Mnamo 1885 Clemens Denhardt alipata ardhi kwa mkataba na Sultani Ahmed wa Witu, yule aliyejulikana kwa jina la Simba, na mwaka huohuo serikali ya Ujerumani ikaitangaza Witu kuwa chini ya himaya yake. Miaka mitano baadaye Witu ikakabidhiwa Waingereza kwa mkataba uliotiwa sahihi Ulaya. Fani inayomwona mwenyeji kuwa sehemu ya njia ilitangulia siasa iliyomfanya kuwa sehemu ya mali. Haisemwi hapa kwamba fani ndiyo iliyozaa ukoloni; linalosemwa ni kwamba viwili hivyo vilikuwa na mazoea mamoja.

KAMUSI NA HADITHI

Wamisionari walileta mabadiliko kwa sababu walikaa. Wamethodisti wa Kiingereza walifungua kituo Golbanti, na Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakakaa Ngao tangu 1887. Kukaa huko hakukuwa kwa usalama. Mei 1886 mmisionari John Houghton na mkewe Annie waliuawa Golbanti katika uvamizi wa Wamaasai, pamoja na watu wengine waliokuwa kituoni. Historia nyingi hutaja majina hayo mawili na kuwaacha wengine katika neno moja la jumla. Hata kifo, ambacho huwasawazisha watu, hakikusawazishwa na kalamu.

Huko Ngao, Ferdinand Würtz aliandika sarufi na orodha za maneno ya Kipokomo, nazo zikachapishwa Ujerumani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Kazi hizo husomwa na wanaisimu peke yao, lakini zinastahili kusomwa pia kama maandishi ya ugenini. Kila orodha ya maneno ilianza kwa mtu fulani kumwonyesha mgeni kitu na kukitaja jina. Yupo aliyemrudia mara tatu mpaka akalitamka sawasawa, na pengine yupo aliyemcheka. Kisha orodha ikapangwa kwa abjadi, na mpangilio wa kufundishwa ukafutika. Neno la siku ya kwanza limekaa karibu na neno la mwaka wa tano, na mwalimu hayumo. Ni dhahiri kwamba kamusi haiwezi kupangwa kwa namna nyingine ikawa kamusi. Hata hivyo msomaji anayejua kilichofutwa ataisoma kwa heshima zaidi, akikumbuka kwamba mwandishi aliyetajwa jaladani alikuwa pia mwanafunzi.

Alice Werner alifika katika hali tofauti. Alikuwa amesoma Newnham, Cambridge, amekwisha kukaa Nyasaland na Natal, na kati ya 1911 na 1913 alisafiri Afrika Mashariki kwa msaada wa chuo chake, akipita katika pwani na bonde la Tana. Mwaka 1913 alichapisha London makala juu ya Wapokomo na masimulizi yao. Baadaye akawa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu katika chuo cha London kilichoshughulikia taaluma za Mashariki. Katika kazi yake uhusiano unageuka: mgeni ananyamaza na mwenyeji anasema. Hilo ni jambo kubwa kwa wakati ule, na mhakiki mwadilifu hawezi kulipuuza.

Miongoni mwa masimulizi aliyoyahifadhi ni lile la asili ya Wapokomo wa Buu, linalomhusu Vere, mtu wa kwanza, aliyeishi peke yake bila moto mpaka alipokutana na Mitsotsozini, ambaye alimwonyesha namna ya kuuwasha. Ni ajabu kwamba wengi huliweka simulizi hili katika fungu la visasili na kuliacha hapo, ilhali ndani yake mna nadharia nzima ya ugeni. Vere hana upungufu wa nguvu wala wa chakula. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha. Ardhi haikumpa moto kwa sababu ameizoea. Aliupata alipokutana na mwenziwe. Wapokomo walikuwa wamekwisha kutamka walichokihitaji wageni wote waliowafuata.

Kasoro ya Werner ni kasoro ya tafsiri. Hadithi iliyosimuliwa penye wasikilizaji wanaoitikia imefika kwenye kurasa za Kiingereza ikiwa na msimulizi mmoja na kimya kikubwa. Maudhui yamevuka bahari. Fani imebaki ukingoni. Jambo kama hilo lilitokea tena mwaka 1963, jopo la wanamuziki likiongozwa na Graham Hyslop lilipotumia mahadhi ya wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza watoto katika wimbo wa taifa wa Kenya. Mahadhi yakapanda jukwaa la taifa na maneno ya mama yakabaki nyumbani. Wimbo wa taifa ulihitaji maneno yake wenyewe, na hilo halina ubishi. Lakini ni Wakenya wangapi wanaousimamia wimbo huo wakijua kwamba wanasimamia sauti ya mama wa Tana?

LUGHA YA RIPOTI

Baada ya Uhuru, mgeni wa Tana alikuwa mara nyingi mtaalamu mwenye shahada na mkataba wa miaka michache. Mradi wa umwagiliaji wa Bura, ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, na ule wa mpunga katika delta uliosimamiwa na mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, ilizaa maandishi mengi. Fani yake ni ripoti, na kanuni yake kuu ni kumficha mwandishi. Sentensi za "imeonekana kwamba" na "inapendekezwa kwamba" hazina mtu aliyeona wala aliyependekeza. Mgeni amekaa, amekula, ameugua, ameagana na watu, na katika ripoti hamna hata dalili kwamba alikuwako.

Asipokuwako mgeni, mwenyeji naye hana wa kuzungumza naye. Anakuwa "mnufaika". Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalipobomoa kingo za mradi wa mpunga katika delta, hasara iliweza kuhesabiwa kwa hekta. Lakini kwa mkulima wa delta mafuriko si adui peke yake: ndiyo yanayoleta rutuba na kuyajaza maji mabonde ya mpunga. Lugha inayojua neno "maafa" tu kwa ajili ya mafuriko haijawahi kuzoeana na mtu wa Tana.

Kuna mfano wa kupoza moyo. Jean Ensminger, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, alianza utafiti wake miongoni mwa Waorma wa Galole mwaka 1978, akarudi tena katika miaka ya 1980, na kitabu chake Making a Market kikatoka mwaka 1992. Ni kitabu cha uchumi, chenye majedwali, wala hakidai kuwa fasihi. Lakini kinabeba alama moja ya kuzoeana ambayo safari nyingi za kishairi hazina: mwandishi alirudi kwenye nyumba zilezile na kukuta mambo yamebadilika. Anayefika mara moja huandika desturi. Anayerudi hulazimika kuandika historia.

MALKA NA SHAMBA

Garsen iko katika barabara ya Malindi kwenda Lamu, nao ni mji wa soko. Wakulima wa Kipokomo, wafugaji wa Kiorma na Kiwardei, wafanyabiashara wa Kisomali na watumishi wa serikali kutoka bara hukutana humo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Kwa hiyo mwalimu kijana aliyehitimu Nairobi au Dar es Salaam hufika akiamini kwamba yeye, tofauti na Mzungu, hana lugha ya kujifunza. Hapa ndipo uhakiki huu unapowagusa walimu wa Kiswahili wenyewe.

Kwanza, akisikia Kipokomo masikio yake humdanganya, maana maneno mengi yanafanana na yake; akahitimisha kwamba hicho ni Kiswahili kilichopotoka. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walionyesha kwa kina mwaka 1993 kwamba Kiswahili, Kipokomo, Kimijikenda, Kiilwana na Kikomoro ni ndugu wa kundi moja la Sabaki. Ndugu hasemwi kwamba amepotoka kwa kuwa hafanani na kaka yake. Kiilwana chenyewe, kilichoathiriwa sana na Kiorma, ni ushahidi wa kuzoeana kwa vizazi vingi, ulioandikwa katika sauti na sarufi badala ya karatasi.

Pili, Kiswahili sanifu kina neno ukingo, na kwalo mgeni hudhani amekwisha kuutaja ukingo wa Tana. Lakini ardhi ileile ambayo Mpokomo huiita shamba, Muorma huijua kuwa malka, yaani njia ya mifugo kufikia maji. Maneno hayo mawili ni madai mawili. Agosti 2012 zaidi ya watu 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, na mashambulizi yaliyofuata, ya huku na huku, yalifikisha idadi ya waliokufa zaidi ya mia moja kabla mwaka uliofuata haujaendelea sana. Siasa na silaha zilikuwa na sehemu yake, na ni upuuzi kudai kwamba msamiati ungewaokoa watu. Hata hivyo mwalimu, mwandishi wa habari au ofisa anayeandika "ukingo" bila kujua kwamba mna malka ndani yake ameandika mahali ambapo upande mmoja haupo.

Hata methali yetu maarufu inahitaji kuvushwa. Tunafundisha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Ni methali ya wakulima. Garsen, nusu ya wenyeji hawana jembe la kumpa mgeni. Wana maziwa, na pengine fimbo ya kuchungia. Anayesubiri jembe kwa Muorma atakaa mgeni daima, naye ataandika kwamba watu wa huko ni wazito kumpokea mtu.

HITIMISHO

Maandishi ya wageni kuhusu Tana si ya kutupwa. Bila ya Würtz na Werner tungekuwa na pengo kubwa katika kumbukumbu za lugha na masimulizi ya bonde hilo. Lakini yote yana upande mmoja wa mto. Tunajua mgeni alichokiona alipomtazama mwenyeji. Hatuna maandishi ya kutosha ya mwenyeji alivyomtazama mgeni: alimpa jina gani la utani, alimvumilia kwa jambo gani, ni siku gani aliacha kumwita mgeni. Mambo hayo yangali katika vinywa vya wazee wa Ngao, Golbanti na Garsen, na wazee hawangoji.

Kazi ya kuyakusanya haihitaji fedha za ng'ambo. Inahitaji idara za Kiswahili ziwatume wanafunzi wao wakiwa na swali lililogeuzwa, nao wayaandike majibu pamoja na majina ya waliowajibu, kwa idhini yao. Mwanafunzi atakayekwenda hivyo atagundua kwamba ng'ambo ngumu kuifikia si ile ya meli na ndege. Ni ile inayoonekana kwa macho, ambako mtu hupelekwa na mwenye mtumbwi.