Mwezi si fagio tu

Ukitazama video zinazoeleza mikanda ya mionzi ya Mshtarii na Zohali, utakutana sana na mfano huu: mwezi ni fagio, unapita njiani mwake ukizoa elektroni na protoni zilizonaswa na usumaku wa sayari. Unakumbukika kirahisi, sawa. Ila una kweli mahali pamoja na upotoshaji kwingine.

Zohali ndiko unakostahili sifa. Chombo cha Cassini, kilichoizunguka sayari hiyo kuanzia 2004 hadi 2017, kilikuta mikanda ya protoni imekatwa vipande, na mapengo yako palepale inapopita miezi kama Janus, Mimas na Enceladus. Protoni hizo hujazwa upya polepole mno, hivyo zikishazolewa pengo linabaki.

Sasa njoo Mshtarii, halafu jiulize: nani anakimbia? Usumaku wake huzunguka pamoja na sayari kwa saa 10 hivi, wakati mwezi Europa unatumia siku tatu na nusu kumaliza mzunguko. Kumbe vumbi ndilo linalolifukuza fagio! Chembe nyingi huigonga Europa kisogoni. Elektroni zenye nishati kubwa kupindukia ndizo huburuzika nyuma ya usumaku, mpaka mwezi unazifikia na kuzigonga kwa uso.

Usidhani huu ni ubishi wa kijiweni. Kwa hesabu zilizochapishwa 2018, anayetafuta mabaki ya asidi amino kwenye barafu ya Europa atalazimika kuchimba sentimita 10 hadi 20 sehemu zinazopigwa zaidi, karibu na ikweta. Ukisogea mbali na ikweta, sentimita 1 hivi inatosha. Fagio halikuambii hata kidogo utue wapi.

Kinachoniudhi zaidi ni jinsi Io anavyosahauliwa. Kila sekunde takriban tani moja ya mata, salfa na oksijeni kwa wingi, inatoka kwake na kuulisha usumaku wa Mshtarii. Fagio gani hilo linalomwaga taka? Na jirani na Ganymede, data za chombo cha Galileo zilionyesha mawimbi yenye nguvu hadi mara milioni moja ya kawaida, mawimbi yanayoweza kuzipa elektroni nishati zaidi.

Kwa hiyo wenzangu mnaotengeneza video: anzeni na Io. Fagio litolewe tukifika Zohali.