Katalogi ya Maktaba na Fasihi ya Waslavi

Jina la Anton Chekhov, mwandishi wa Urusi aliyezaliwa 1860 na kufariki 1904, lina herufi tano tu kwa Kirusi: Чехов. Likivuka mpaka hubadilika sura. Waingereza huandika Chekhov, Wajerumani Tschechow, Wapolandi Czechow, Waitalia Čechov na Wafini Tšehov. Mtafiti anayeingia kwenye katalogi ya chuo kikuu akiijua tahajia moja tu angeambulia sehemu ndogo ya vitabu vilivyomo, lau wakutubi wasingekuwa wamemtangulia. Wao humchagulia kila mwandishi umbo moja rasmi la jina, kisha maumbo mengine yote huyafunga kwenye hilo. Anayetafuta Tschechow huelekezwa kwa Chekhov, na huko huvikuta vitabu vyote pamoja, kwa lugha yoyote vilivyochapishwa.

Miaka ya kuzaliwa na kufa inayofuata jina si pambo. Fasihi ya Kirusi ina akina Tolstoy watatu mashuhuri: Leo (1828–1910), na wawili wanaoitwa Aleksey, mmoja mshairi na mtunzi wa tamthilia za karne ya 19 (1817–1875), mwingine mwandishi wa enzi za Kisovyeti (1883–1945). Bila miaka hiyo, msomaji angeweza kumvisha mmoja kazi za mwenzake. Aliyeiandika miaka hiyo kwenye rekodi alilazimika kwanza kuthibitisha ni Aleksey yupi aliyeandika kitabu kilichokuwa mezani pake, na uthibitisho wa aina hiyo wakati mwingine huchukua saa nyingi. Msomaji haioni kazi hiyo, anaona tarakimu nane tu. Ni ufundi unaostahili sifa kubwa kuliko inayopewa.

Baada ya majina huja herufi. Warusi, Waukraini, Wabulgaria na Waserbia huandika kwa herufi za Kikirili, nazo katalogi za Magharibi kwa muda mrefu zilikubali herufi za Kilatini pekee. Maktaba za Marekani hufuata jedwali la Library of Congress, ambamo ж huwa zh na ш huwa sh. Kwingineko Ulaya ž na š ndizo za kawaida. Rekodi nyingi za siku hizi hubeba maandishi ya asili pamoja na ya Kilatini, ila za zamani mara nyingi zina ya Kilatini tu. Kwa sababu hiyo mtafiti makini hutafuta mara mbili, kwa Kikirili na kwa Kilatini, na anapobadili maktaba hubadili na jedwali.

Hata kwa Kirusi chenyewe tahajia haikusimama. Mageuzi ya 1918 yalifuta herufi kadhaa na kubadilisha viambishi vya maneno. Riwaya ya Gogol ijulikanayo leo kama Mertvye dushi ilitoka 1842 ikiwa na jina refu lililotokana na shinikizo la wadhibiti: Pokhozhdeniia Chichikova, ili Mertvyia dushi. Anayeandika mertvye kwenye kisanduku cha kutafutia huenda asiione kamwe chapa ya kwanza. Akiandika mertvy na kuweka alama ya nyota mwishoni, mifumo mingi humletea tahajia zote mbili. Njia iliyo bora zaidi ni jina sanifu la kazi, ambalo mkutubi huliweka kwenye rekodi ya kila toleo na kila tafsiri. Kwa jina hilo moja toleo la 1842, toleo la shule la enzi za Kisovyeti na tafsiri ya Kiingereza hukaa kwenye orodha moja.

Orodha ya namna hiyo ikipangwa kwa miaka, husimulia historia. Riwaya ya Zamyatin iitwayo My ni mfano wa kutazamwa kwa makini. Rekodi ya mapema zaidi ni tafsiri ya Kiingereza, New York, 1924. Toleo kamili la Kirusi ni la 1952, nalo pia ni la New York. Muungano wa Kisovyeti haujitokezi mpaka 1988. Tafsiri imelitangulia andiko la asili, na mahali pa uchapishaji ni ng'ambo ya bahari: mistari hiyo mitatu yatosha kumwonyesha mwanafunzi kwamba kitabu kilipigwa marufuku kwao. Doctor Zhivago cha Pasternak nacho huanzia Milan, 1957, kwa Kiitaliano. Wengi husoma jina la kitabu na namba ya rafu, wakaruka mji na mwaka. Mtafiti wa fasihi ya Kislavi huanza na hivyo viwili, kwa kuwa katika karne ya 20 mji wa uchapishaji mara nyingi ulikuwa uamuzi wa kisiasa.

Namba ya rafu nayo ina mengi. Katika mpango wa Library of Congress, lugha na fasihi za Waslavi zimo chini ya PG, pamoja na za nchi za Baltiki na Albania. Mipaka yake hufuata lugha, na hivyo hugawanya watu. Nabokov aliyeandika kwa Kirusi yuko PG3476. Nabokov aliyeandika kwa Kiingereza yuko PS3527, kati ya Wamarekani. Msomaji anayetembea kwenye rafu moja tu atamjua nusu. Henryk Sienkiewicz, Mpolandi aliyepata Tuzo ya Nobel 1905, alifika Zanzibar na Bagamoyo mwaka 1891. Riwaya yake ya 1911, W pustyni i w puszczy, ambamo wahusika huzungumza Kiswahili, iko PG. Barua zake za safari, Listy z Afryki, zinahusu Afrika, na mahali pa vitabu vya aina hiyo ni DT. Anayetafuta kwa jina huzipata zote mbili papo hapo.

Zipo maktaba ambazo utajiri wake ulitokana na amri. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Helsinki, iliyojengwa upya baada ya moto wa Turku wa 1827, ilipewa haki mwaka uliofuata ya kupokea machapisho ya dola lote la Urusi, na haki hiyo ikadumu hadi 1917. Wakati wa Vita Baridi, watafiti wa Magharibi waliofungiwa milango ya Moscow na Leningrad walikwenda huko kusoma. Leo ndiyo Maktaba ya Taifa ya Ufini.

Kuna jambo moja ambalo katalogi hailifikii vizuri: yaliyomo ndani ya majarida. Sehemu kubwa ya fasihi ya Kirusi ilitoka kwanza katika majarida manene ya kila mwezi. Siku moja ya Ivan Denisovich, hadithi ya Solzhenitsyn, ilitoka katika Novyi mir, toleo la Novemba 1962, lakini rekodi ya jarida hilo hutaja kwa kawaida jina, miaka na juzuu zilizopo, bila hadithi hata moja. Hapo mtafiti hugeukia faharasa za makala, hasa ile iliyochapishwa Moscow tangu 1926, Letopis' zhurnal'nykh statei. Akishapata namba ya toleo na ukurasa, hurudi kwenye katalogi kuuliza ni maktaba ipi inayo juzuu hiyo, na kama haipo chuoni kwake, huiomba kwa mkopo wa maktaba kwa maktaba.