Mkoba wa Kitenge, Zawadi kutoka Kigoma

Hongera kwa mafundi cherehani wa Kigoma na Ujiji. Tangu Juni 1, 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, mkoba wa kitambaa umepata heshima mpya, na wao malighafi wanayo jirani: vitenge, vingine vikivushwa ziwani kutoka Kongo.

Fundi mzuri utamtambua kwenye mikanda. Kila mkanda huukunja mara mbili na kuushona kingo zote. Pale unapoungana na mkoba hupitisha mshono wa mraba, katikati akaukata kwa msalaba. Mshono huo ndio unaobeba kilo za mchele bila kuachia. Ndani kuna bitana na kijimfuko cha simu. Vipande vinavyobaki hugeuzwa vipochi vya chenji.

Kwa Krismasi au Idi, zawadi ni rahisi kupanga. Mama apewe mkoba mpana wa sokoni, ndani mna dagaa wakavu wa Kigoma na chupa ya mawese iliyofungwa vizuri. Mwanafunzi apewe begi la mgongoni.

Anayetaka aagize mapema. Desemba mafundi haohao huzidiwa na nguo za sikukuu.