Nyuzi au Wati: Uchaguzi wa Kidhibiti cha Boila ya Umeme

Aghalabu mtu akusudiaye kununua kidhibiti cha elementi ya boila huanza kwa kumwuliza mwenye duka habari za ampea, ilhali swali lililostahili kutangulia ni la kazi yenyewe. Maana kuyaweka maji katika kiwango fulani cha joto ni jambo moja, na kuyachemsha kwa nguvu iliyopimwa ni jambo jingine.

Tuchukue boila ya lita 50, yenye elementi ya wati 3,000 kwa volti 230, iliyokusudiwa kukenekea mafuta ya majani ya mkarafuu. Elementi hiyo huvuta ampea 13, nayo huyatoa maji nyuzi 25 na kuyafikisha kwenye mchemko kwa muda wa yapata saa moja u nusu, ambao kidhibiti hakina shughuli ila kuupisha umeme wote. Yakisha kuchemka, thermostati haina tena la kuamua, kwa kuwa maji yachemkayo huku mwambaoni hubaki nyuzi 100 hata yakizidishiwa moto, na kila wati ya ziada hugeuka mvuke: kilo 4.8 kwa saa kwa nguvu zote. Iwapo kipoozeo kinaweza nusu yake tu, iliyosalia itakwenda hewani pamoja na mafuta. Kwa hiyo kinachotakiwa kutawaliwa ni wati, wala si nyuzi.

Njia ni tatu. Kontakta hubeba mkondo huo bila taabu, illa ncha zake huungua kila ziachanapo, na kuifungua na kuifunga kila sekunde chache ni kuifupishia umri. Triaki hukata kila nusu-wimbi katikati, nayo hutoa nguvu kwa ulaini. Lakini mkato unaofanyika volti ikiwa juu huzua kelele iudhiyo redio za jirani. Taa huustahili ulaini huo kwa ajili ya jicho la mtu; maji hayana jicho. Rilei ya semikondakta, ya aina iwashayo volti ipitapo sifuri, huhesabu nusu-wimbi nzima nzima: katika 100 zipitazo kila sekunde, ikiruhusu 50 na kuzuia 50, tumepata wati 1,500 bila kelele hiyo. Penye waya mrefu na mwembamba huenda taa za nyumba zikapepesa, na dawa yake ni kuivutia boila waya wake mnene. Juu ya hayo, hii ndiyo ifaayo.

Yabaki mambo mawili ya hadhari. Rilei hiyo hupoteza volti moja na ushei ndani yake, yaani wati 15 hivi za joto kwa ampea 13, basi sharti ifungwe juu ya bamba la alumini lenye mapezi, na inunuliwe iliyoandikwa ampea 40, kwani namba ya kwenye kibandiko hudhania upoozaji mwema. La pili ni zito zaidi: semikondakta ikifa, mara nyingi hufa ikiwa imefunga, na elementi ikaendelea kuwaka hata maji yakauke. Maadamu ni hivyo, umeme upitie kwanza kwenye kontakta inayoamriwa na kikata joto kilichobanwa kwenye boila. Kontakta tuliyoikataa kwa kazi ya kila sekunde ndiyo tunayoitaka kwa kazi ya nadra: kukata umeme pale rilei iliposhindwa.