Nchi Yetu katika Sinema za Zamani: Maoni Kutoka Karatu na Ngorongoro

Uhakiki wa sinema katika nchi yetu haukuanzia vitabuni wala katika kumbi za chuo. Ulianzia mlangoni, watu wanapotoka. Mtazamaji hulipa kiingilio chake, hukaa, hutazama, na akisha kutoka huanza kusema: huyu kaigiza vyema, yule kaharibu, na pale wametudanganya. Maneno ya namna hii huhesabiwa kuwa ni porojo, na wasomi wetu wengi wameyapita bila kugeuka. Sisi tunaona kwamba ndani ya porojo hizo mna uhakiki halisi. Tunaona zaidi ya hapo kwamba sinema za zamani zilizopigwa na wageni katika ardhi yetu haziwezi kupimwa barabara pasipo kuwasikiliza watu wanaoijua ardhi hiyo kwa miguu yao.

Hapana budi tukumbushe kwamba jambo hili lilikanwa zamani. Kati ya mwaka 1935 na 1937 liliendeshwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, jaribio la kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika, na miongoni mwa Waingereza walioshughulika na mambo hayo katika makoloni yao walikuwapo waliodai kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha ziendazo haraka. Anayetaka kujua uzito wa dai hilo na aende akakae na madereva wa Karatu wakati wanapotazama mbio za magari.

Karatu tumeichagua kwa makusudi. Mji huu uko katika barabara itokayo Arusha, ukisha kupita Mto wa Mbu na kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa, nao ndio mji wa mwisho kabla ya lango la Ngorongoro. Wenyeji wake wengi ni Wairaqw, na pamoja nao wamo Wadatoga, Wamasai, na watu wa kila pembe ya Tanzania waliofuata kazi katika mashamba ya kahawa ya Oldeani na baadaye katika utalii. Sinema tutakazozitaja hawakuziona zilipokuwa mpya. Waliziona miaka mingi baadaye, kwa kanda za video, kisha kwa diski, na siku hizi kwa simu za mkononi. Kwa hiyo maoni yao ni ya watu walioijua nyumba kwanza, ndipo wakaonyeshwa picha yake.

Sinema itajwayo kwanza kila mazungumzo yanapoanza ni *Hatari!* ya mwongozaji Howard Hawks wa Marekani. Ilipigwa kaskazini mwa Tanganyika kuanzia mwishoni mwa mwaka 1960, ikaonyeshwa duniani mwaka 1962. John Wayne ndiye stelingi, kama vijana wamwitavyo mhusika mkuu. Anaongoza kundi la watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo, na maskani yao ni Momella, karibu na Mlima Meru. Wamo pia Hardy Krüger, Elsa Martinelli na Red Buttons.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Wanaume wanataniana, wanakunywa, wanapendana na wanawake wawili waliopo, na kesho yake wanarudi porini. Tusiitafutie kina isichokuwa nacho. Lakini mbio zake za wanyama ni kitu kingine kabisa, na hapa watazamaji wa Karatu ni mabingwa kuliko wahakiki wa Hollywood. Hawks hakuja na hadithi iliyokamilika; aliacha ukamataji wenyewe uamue mengi, na waigizaji walikuwamo katika magari wanyama walipokuwa wakifukuzwa. Mtu akitazama faru anapoligeukia gari na kulipiga pembe ubavuni, anajua kwamba faru yule hakufundishwa. Madereva husimamisha picha hapo na kubishana juu ya gia, juu ya mashimo ya ngiri yaliyojificha majani, na juu ya yule aketiye katika kiti kilichofungwa mbele ya gari akiwa na kitanzi cha kamba mwishoni mwa mti mrefu. Hukumu yao kwa kawaida ni kwamba dereva ndiye stelingi wa kweli, si John Wayne. Huongeza kwa kicheko kwamba anayeacha njia namna ile leo, ndani ya kreta ya Ngorongoro, atapigwa faini kabla vumbi halijatua.

Kicheko hicho kina uchungu ndani yake. Katika miaka ya 1964 hadi 1966 mtafiti John Goddard aliwatambua faru zaidi ya 100 katika kreta. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya majangili kupita, walikuwa wamebaki chini ya 20. Hivyo sinema iliyotengenezwa kwa ajili ya burudani imegeuka, pasipo watengenezaji wake kukusudia, kuwa kumbukumbu ya wingi uliokuwapo. Vijana wa Karatu wanamtazama faru wa *Hatari!* kama vile sisi tunavyotazama picha ya babu ambaye hatukumkuta.

Kuna jambo la pili ambalo watazamaji huliona mapema, nalo ni la mikono. Kila mnyama anapokamatwa, tazama kamba. Wanaoishika, wanaoifunga, wanaomlaza twiga asijivunje shingo, wengi wao ni Waafrika. Kazi yao inaonekana wazi, na ni kazi ya ustadi mkubwa. Lakini hakuna hata mmoja ambaye hadithi inamfuata hadi nyumbani kwake. Jioni inapofika, kamera inaingia ndani pamoja na Wazungu na kufunga mlango. Hata pale Warusha wanapompa binti wa Kiitaliano jina la Mama Tembo, kwa sababu ya ndama wa tembo anaowalea, sherehe hiyo ni pambo la kumchekesha mgeni tu. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, kati ya siku sinema hii ilipopigwa na siku ilipoonyeshwa. Katika saa zake mbili na nusu na zaidi, mtazamaji hawezi kuhisi kwamba nchi ile ilikuwa inakaribia kubadili bendera.

Pamoja na hayo yote, watu wanaipenda. Sisi pia hatuoni haya kusema kwamba tunaipenda. Ndama wa tembo wanapokimbia katika mji wa Arusha mwishoni, wazee huacha kuifuata hadithi na kuanza kuitafuta Arusha yao ya ujana. Kupenda na kukosoa havigombani, na mhakiki anayedhani vinagombana hajapata kukaa na watazamaji.

*Daktari*, mfululizo wa televisheni wa Marekani ulioonyeshwa kati ya mwaka 1966 na 1969, haupati heshima hiyo. Jina ni letu. Hata kituo cha wanyama cha kubuni kilichomo ndani yake kimepewa jina la Wameru. Lakini sehemu kubwa yake ilipigwa California, na simba wake mwenye makengeza alikuwa simba wa huko. Mtu wa Karatu hahitaji kuambiwa. Anatazama nyasi, anatazama vilima, na anasema hapa si kwetu. Tumeona kwamba mtihani huu wa nyasi hauna rufani.

Sasa tufike kwenye sinema iliyo nzito kuliko zote. *Serengeti Haitakufa*, kama tunavyoweza kulitafsiri jina lake la Kijerumani, ilitengenezwa na Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, pamoja na mwanawe Michael. Walikuja kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda milia, wakaruka juu ya nyanda wakihesabu wanyama, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilikuwa inataka kuitenga Ngorongoro na hifadhi ya Serengeti, nao walitaka kujua nyumbu wanahamia wapi na wapi. Hesabu yao ilifika wanyama zaidi ya 360,000. Tarehe 10 Januari 1959 ndege ile iligongana na tumbusi, ikaanguka, na Michael akafa akiwa na umri wa miaka 24. Baba aliimaliza kazi. Sinema ilitoka mwaka huo huo, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar ya sinema za hali halisi.

Kaburi la Michael liko ukingoni mwa kreta, kando ya barabara, na majivu ya baba yake yalizikwa hapo hapo baada ya kufariki mwaka 1987. Madereva wa Karatu hulipita kila siku pamoja na wageni. Wao wanaifahamu sinema hii kwa kuanzia mwisho, yaani kwa kaburi. Kanuni ya vijana inasema stelingi hafi. Hapa amekufa kweli, na hata wale wasiokubaliana na sinema hunyamaza kidogo wanapofika hapo.

Kutokubaliana kwenyewe kunahusu watu. Kwa Grzimek, katika sinema na katika kitabu chenye jina hilo hilo, pori kamili ni pori lisilokaliwa na mtu, awe mgeni au mwenyeji, na ng'ombe wa Mmasai ni mshindani wa nyumbu. Picha zinaibeba hoja hiyo vizuri mno. Kutoka angani makundi ya wanyama yanaonekana kama wino uliomwagika, na boma linaonekana kama doa. Lakini kamera iliyo juu angani haisikii mtu anasema nini. Kwa makubaliano ya mwaka 1958 wazee wa Kimasai walikubali kuiacha Serengeti, na mwaka 1959 eneo la Ngorongoro likaundwa kwa sheria yake, wanyama na wafugaji wakae pamoja. Mwaka 1974 wafugaji waliondolewa chini ya kreta; mwaka uliofuata kilimo kikapigwa marufuku; na tangu 2022 familia nyingi zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Hatusemi kwamba sinema moja ndiyo iliyoyafanya yote haya. Tunasema kwamba ilikuwapo, ikatazamwa na mamilioni, na ikawazoesha watu wa mbali kuiona nchi hii kuwa tupu.

Na hapa pana kisa ambacho sinema haikuweza kukijua. Nyumbu waliokadiriwa kuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 walifika takribani milioni 1.3 mwaka 1977. Sababu kubwa ilikuwa kutoweka kwa sotoka miongoni mwao, na sotoka ilitoweka kwa sababu ng'ombe wa wafugaji waliokuwa pembezoni mwa hifadhi walichanjwa. Sindano iliyopigwa katika shingo ya ng'ombe ndiyo iliyoijaza Serengeti nyumbu. Ingekuwa sinema nzuri sana hiyo: daktari wa mifugo, mfugaji anayesita kumtoa ndama wake, zizi asubuhi. Hatujui aliyeitengeneza.

Wala hatujapata kuona hadithi ya sinema ya namna hiyo iliyoipa Karatu nafasi. Msafara wa Manyara hadi Ngorongoro hauna budi kuipita, lakini hadithi haitui. Mkulima hana sura katika Afrika ya sinema za zamani. Wamo wanyama, na kidogo Mmasai na mkuki wake. Ilhali Wairaqw walichimba nyumba zao ubavuni mwa vilima ili adui awapite asiwaone, na walijifunza kuitunza ardhi ya miteremko kwa samadi na matuta muda mrefu kabla ya bwana shamba kuja kuwafundisha. Kwamba jambo hili linawezekana katika sinema tulithibitishiwa na *Harusi ya Mariamu* ya mwaka 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ambayo ilimchukua mganga wa jadi na kumtazama kwa utulivu, bila ngoma za kutisha. Katika *The Royal Tour* ya mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe ndiye anayemwongoza mgeni, na kubadilika kwa mwenye kiti cha mwongozaji si jambo dogo. Hata hivyo lengo lake ni kualika watalii, na mkulima wa ngano hangojewi katika mwaliko wa namna hiyo.

Tubakize neno moja juu ya televisheni. Tarehe 17 Julai 1959, huko Olduvai, ambako wenyeji hukuita Oldupai kwa jina la mkonge-pori, Mary Leakey aliliona fuvu lililoitwa *Zinjanthropus*, la umri wa miaka milioni 1.75. Mumewe Louis alikuwa mgonjwa kambini. Uchimbaji uliopangwa ulikuwa umeahirishwa kumngoja mpiga picha Des Bartlett, aliyefanya kazi na Armand Denis katika kipindi cha televisheni ya Uingereza, ili auchukue tangu mwanzo. Mary akatumia nafasi hiyo kwenda kutembea na mbwa wake. Yaani fuvu lile lilipatikana kwa sababu watu walikuwa wanaingoja kamera, na Bartlett alipofika akapiga picha za kufukuliwa kwake. Zanzibar ilipata televisheni yake mwaka 1973, tena ya rangi. Bara tulingoja hadi 1994. Kwa miaka 35, watu wa jirani kabisa na mahali hapo walikuwa miongoni mwa watu wa mwisho kuweza kupaona nyumbani mwao. Fuvu lenyewe lilirudi mwaka 1965, na liko katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Tungependa picha za Bartlett nazo zitafutwe, zionyeshwe Karatu usiku wa siku ya mnada, na maelezo yake yasomwe kwa Kiswahili, kwa Kimasai na kwa Kiiraqw.