Sifa za Mhesabu Kromosomu

Katika majimaji ya Uingereza huota pamoja mimea miwili ya jenasi Juncus, jamaa wa mbali wa ndago: Juncus acutiflorus na Juncus articulatus. Katikati yao mara nyingi husimama mmea usiofanana barabara na wowote kati ya hiyo. Mmoja atasema ni chotara. Mwingine atambishia kwamba articulatus ni kigeugeu, mara hutambaa, mara husimama wima, kwa hiyo sura si ushahidi. Wanaweza kubishana hadi jua lizame. Mwenye hadubini huwanyamazisha kwa hesabu: acutiflorus una kromosomu 40, articulatus 80, na kila mzazi hutoa nusu ya zake. Mmea wenye 60 umejitaja wenyewe. Seti zake tatu za kromosomu, moja ya acutiflorus na mbili za articulatus, hazigawanyiki sawasawa, hivyo chavua yake nyingi huwa mbovu na mbegu zake chache; huenea zaidi kwa mashina yatambaayo chini ya ardhi.

Kuifikia 60 hiyo ni kazi ya mkono. Ncha ya mzizi hukatwa ingali inakua, hutiwa dawa ya kusimamisha mgawanyiko wa seli, huhifadhiwa katika alkoholi na asidi ya asetiki, hulainishwa, hutiwa rangi, kisha hukandamizwa chini ya kioo chembamba. Kromosomu za Juncus ni nukta tu. Kidole kikilegea zinalaliana, kikizidi seli inapasuka na nukta mbili tatu zinapotea. Ndiyo maana fundi wa kweli haamini seli moja, hata ikiwa nzuri namna gani.

Wapo wanaosema namba hudanganya, na wana hoja. Katika jenasi Luzula, ya familia hiyohiyo, seli inapogawanyika kromosomu haivutwi kwa kitovu kimoja bali kwa urefu wake wote, hivyo ikikatika vipande vyake huendelea kuishi. Luzula campestris ina 12 kubwa, Luzula sudetica 48 ndogo, bila seti kuzidishwa mara nne. Lakini nani aliyegundua hila hiyo? Ni wahesabu haohao, akiwamo Hedda Nordenskiöld wa Uswidi aliyeandika juu ya Luzula mwaka 1951: walitazama idadi pamoja na ukubwa. Wengine husema usomaji wa DNA umeifuta kazi hii. Usomaji huo hutambua wazazi vizuri sana, ila kwa kawaida husoma vipande vifupi, na vipande havisemi vilikuwa vimefungwa katika kromosomu ngapi. Maabara inayonunua mashine mpya isiitupe hadubini, wala isimstaafishe anayejua kuitumia kabla hajafundisha mwingine.